Kadeira zimekwisha, shahada bado

Mama mmoja wa Mocímboa da Praia, ambaye tangu vita vimtoe kwake anakaanga samaki Paquitequete, mjini Pemba, alipigiwa simu na mwanawe aliyeko Maputo. "Mama, nimemaliza kadeira zote. Imebaki monografia tu." Mama akageuza samaki, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, umemaliza au umebakisha?" Kijana akacheka kwa sauti iliyosikika hadi nje ya simu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikisubiri changu wangu aive, wala sikucheka. Najua watu ambao jibu la swali hilo limewachukua miaka mitatu.

Kijana anasoma uchumi, na swali la mama yake ndilo swali halisi la shahada yoyote ya kwanza: kinachotakiwa ili mtu aitwe amemaliza ni nini hasa? Huku kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado, kuanzia Quissanga hadi Palma na Quionga, vijana wengi hulijua jibu nusu. Wanajua idadi ya masomo. Hawajui kwamba masomo hayo yana mpangilio, na wengi hukwama kwenye mpangilio kuliko kwenye idadi.

Kwenye karatasi mambo ni mepesi. Sheria ya elimu ya juu ya Msumbiji, Na. 27/2009, iliipa lisensiatura, yaani shahada ya kwanza, miaka 3 hadi 4, na uchumi kwa kawaida hupangwa kwa 4. Kila mwaka una mihula miwili. Kazi ya mwaka mzima huhesabiwa kuwa krediti 60, kwa hiyo miaka minne ni krediti 240. Kila kadeira, ndiyo kusema kila somo la muhula, ina krediti zake, na ili uzipate lazima ufikie alama 10 kati ya 20.

Krediti yenyewe inahitaji maelezo kidogo. Haihesabu saa za kukaa darasani peke yake. Ndani yake zimo saa za maktaba, za mazoezi ya nyumbani, na zile za usiku ambapo mtu anasoma kwa mwanga wa simu kwa sababu umeme umekatika. Kwa mfumo wa Msumbiji krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Ng'ambo ya Ruvuma chombo cha kupimia ni kingine: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inahesabu krediti moja kwa saa 10, mwaka mmoja krediti 120, na shahada ya miaka 3 inataka zisizopungua 360. Kijana wa Palma anayefikiria kwenda kusoma Dar es Salaam akiona 360 anaweza kudhani mzigo wa kule ni mkubwa kuliko 240 za Maputo. Apige hesabu: 360 mara 10 ni saa 3,600, na 240 mara 25 ni saa 6,000. Ni habari ya pishi na kibaba. Kabla ya kulinganisha nafaka uliza kwanza imepimwa kwa chombo gani. Na kwa sababu hiyo hiyo, anayehama chuo katikati ya njia asitarajie krediti zake zivuke mpaka zikiwa na uzito ule ule. Zitapimwa upya, somo kwa somo, na nyingine zitabaki forodhani.

Ndani ya zile 240 mna nini? Nguzo ni hisabati, takwimu, mikroekonomia, makroekonomia na ekonometria. Pembeni yake kuna uhasibu, fedha za umma, uchumi wa kimataifa, uchumi wa maendeleo, historia ya mawazo ya kiuchumi, sheria kidogo na Kiingereza. Ya pembeni hayamkwamishi mtu sana. Nguzo ndizo zenye kitu kinachoitwa presedensia: huruhusiwi kuandikishwa somo la pili kabla hujafaulu la kwanza.

Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ukatili. Ekonometria ni ufundi wa kupima kwa takwimu kama jambo moja kweli linasukuma jingine: kama bei ya dizeli ikipanda, bei ya samaki Pemba nayo hupanda kiasi gani, au zimepandishwa zote na kitu cha tatu. Ufundi huo umejengwa juu ya takwimu, na takwimu za chuo kikuu zimejengwa juu ya hisabati ya kasi ya mabadiliko, ile anayoikuta mwanafunzi katika muhula wa kwanza kabisa. Asiyeijua hisabati ile, darasa la ekonometria kwake ni kama kusikiliza hotuba redioni betri zikiwa zinaisha.

Ubaya ni kwamba kadeira nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Zamani aliyetoka Ibo kwenda Unguja kwa jahazi alipanda na kusi, akarudi na kaskazi. Akikosa pepo zake hakuchelewa juma moja, alingoja zigeuke tena. Ndivyo ilivyo kwa aliyeanguka Hisabati ya Kwanza mwezi Juni. Somo litarudi Februari au Machi. Ya Pili inamngoja, Takwimu inamngoja, na mikroekonomia ya mwaka wa pili huenda nayo ikamngoja. Somo moja la krediti tano au sita limeshika mkia wa masomo manne. Kijana huyu atakwambia ameanguka kadeira moja tu, na atakuwa anasema kweli, lakini shahada yake imeshasogea mwaka mzima. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: katika mwaka wa kwanza usigawe nguvu sawa kwa masomo yote. Uhasibu unaweza kuupata kwa 11 na dunia ikaendelea. Hisabati ukiiacha imekuburuza.

Alama hutangazwa kwenye pauta, karatasi inayobandikwa ukutani, na siku hizi huwa imepigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp kabla gundi haijakauka. Tuchukue mstari mmoja wa mfano. Jaribio la kwanza: 8. Jaribio la pili: 11. Kazi ya kundi: 14. Ikiwa kila jaribio lina uzito wa asilimia 40 na kazi ya kundi 20, wastani ni 10.4, na pembeni pameandikwa admitido, maana yake anaruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Angekuwa chini ya 10 pangeandikwa excluído, na mtihani asingeuona. Angefikia 14, katika vyuo vingi angesamehewa mtihani, jambo wanaloliita kudispensa. Anayefanya mtihani na kuanguka hupewa nafasi ya pili, rekorensia, ndani ya muhula ule ule. Akianguka na hiyo, tunarudi kwenye habari ya pepo. Angalia pia kilichomwokoa kijana wetu: kazi ya kundi, ile ambayo mmoja huandika na watano huweka majina. Majaribio peke yake yalimpa 9.5, alama ambayo wengine huizungusha ikawa 10. Ingekuwa 9.4 isingepanda hata kwa machozi.

Kisha kuna lugha. Mtoto wa Palma anaweza kuwa na Kimwani cha nyumbani, Kimakonde cha jirani na Kiswahili cha sokoni kabla hajakutana na Kireno cha shule. Akifika chuoni anafundishwa kwa Kireno, na vitabu vya Samuelson na Nordhaus, vya Varian, vya Blanchard anavisoma katika tafsiri za Kireno. Kireno chenyewe kina mitego yake. Oferta, ambayo mtaani ni zawadi, darasani ni ugavi. Procura, kutafuta, inakuwa mahitaji ya soko. Juro ndiyo riba, na neno hilo hilo likitamkwa na mtu aliyekasirika maana yake ni "naapa". Kwa kijana aliyesoma madrasa, neno riba tayari lina uzito mwingine kabisa, na mwalimu anayechora mkunjo wa juro ubaoni hajui kwamba wanafunzi wawili wa nyuma wanawaza fatwa. Hata sarafu tunayotumia ina historia hiyo: metical, iliyoanza kutumika Juni 16, 1980, imepata jina lake kutoka mithqal, kipimo cha dhahabu cha wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Pwani hii ilikuwa ikihesabu kwa mitikali kabla ya chuo chochote cha Kireno kusimama. Ni bahati mbaya kwamba mtoto wake akifika darasa la uchumi anajiona mgeni.

Hayo ni ya kila kijana wa pwani. Wa kaskazini ana la ziada. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa. Agosti 2020 mji ukaangukia mikononi mwa wapiganaji, na haukurudi hadi Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoingia. Palma ilishambuliwa Machi 24, 2021. Kufikia mwaka 2022 waliohama makwao katika jimbo zima walipita 900,000. Shule ziliungua, na pamoja nazo makabati ya kumbukumbu. Sasa, ili uandikishwe chuoni unatakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa, BI, na cheti cha darasa la 12. Aliyekimbia kwa mtumbwi usiku hakubeba bahasha. Kuomba nakala mpya kunategemea rejista ya shule, na rejista ni majivu. Wapo walioingia chuoni kwa hati za muda wakidhani jambo limekwisha. Halijaisha: faili lenye pengo mwaka wa kwanza huzuia diploma mwaka wa tano. Anayesoma sasa afungue faili lake mapema, akiwa bado na muda wa kufukuzia muhuri Pemba, asingoje siku ya mahafali.

Umbali nao ni sharti, ingawa haumo kwenye orodha yoyote. Pemba ina vyuo. Universidade Lúrio ina vitivo vyake vya uhandisi na sayansi asilia pale, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki kina kitivo cha usimamizi wa utalii na informatika. Montepuez ina Universidade Rovuma. Lakini anayetaka uchumi wenyewe, wenye ekonometria na makroekonomia ya miaka miwili, mara nyingi macho yake huenda Beira, kwenye kitivo cha uchumi na usimamizi cha Wakatoliki, au Universidade Eduardo Mondlane, Maputo. Kutoka Pemba hadi Maputo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000. Ada ya chuo cha serikali inaweza kubebeka. Chumba na chakula ndivyo vinavyomrudisha kijana nyumbani katikati ya mwaka wa pili, na akirudi anakosa pepo za mwaka mzima.

Tuseme basi amevuka yote. Kadeira zimekwisha. Hapo ndipo alipo kijana wa yule mama.

Kilichobaki huitwa kazi ya kumalizia kozi. Vyuo vingine hukubali ripoti ya mafunzo kazini au mtihani wa jumla, ila kwa wanauchumi sura yake ya kawaida ni monografia: utafiti wa kurasa makumi kadhaa, swali moja, data, njia ya kuichambua, na kuitetea mbele ya jopo. Krediti zake si nyingi kwa kulinganisha na zile 240. Kwa nini basi inawashinda waliofaulu ekonometria?

Kwanza, haina kengele. Kwa miaka minne kijana ameishi kwa ratiba: jaribio Jumatano, kazi ya kundi Ijumaa. Sasa anaambiwa aende, akirudi awe na sura ya kwanza. Msimamizi ana wanafunzi wengine kumi na wawili na vipindi katika vyuo viwili. Kijana naye ameshapata kibarua, kwa sababu nyumbani wamesikia amemaliza. Mimi naona kosa ni la mpangilio wa vyuo wenyewe: pendekezo la utafiti lingetakiwa kuandikwa mwaka wa tatu, kijana akiwa bado anaamka asubuhi kwenda darasani, na msimamizi akiwa bado anamwona uso kwa uso.

Pili, mada ni kubwa kupita mwenye kuibeba. Mchango wa gesi asilia katika uchumi wa Msumbiji! Kila mwaka iko. Ni kweli gesi ya bonde la Ruvuma ni jambo zito. Mtambo wa Coral Sul unaoelea baharini ulitoa shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Mradi wa Afungi, karibu na Palma, wenye thamani ya takriban dola bilioni 20, ulisimamishwa na TotalEnergies Aprili 26, 2021, na tangazo la kuondoa zuio hilo likaja Novemba 2025. Lakini mwanafunzi atapata wapi hesabu za kampuni? Atanukuu magazeti kurasa arobaini, na jopo litamuuliza yeye mwenyewe amepima nini.

Akitaka kubaki kwenye gesi, aipunguze. Sheria Na. 1/2024 iliyoanzisha mfuko wa taifa wa mapato ya gesi inasema kwamba kwa miaka 15 ya kwanza asilimia 40 ya mapato iende kwenye mfuko na 60 kwenye bajeti ya serikali, kisha nusu kwa nusu. Hilo mtu anaweza kulichezea kwa kompyuta ya mkononi: akichukua makisio matatu ya bei ya gesi, ya juu, ya kati na ya chini, mfuko utakuwa na kiasi gani mwaka wa 15, na bajeti itayumba vipi? Swali ni dogo, data ipo, na jibu ni lake. Au achukue madeni ya siri: mwaka 2013 kampuni ya EMATUM ilikopa dola milioni 850 kwa jina la uvuvi wa jodari, na mwaka 2016 ilipofichuka kwamba kuna mikopo mingine iliyofichwa, wafadhili wakasimamisha misaada ya bajeti na metical ikaporomoka. Mtoto wa mvuvi ana haki ya kuuliza samaki hao wako wapi, kwa mizania na takwimu.

Ila mada ninayoipenda kuliko zote iko chini zaidi, sokoni. Kwa miaka mingi fahirisi ya bei ya taifa, ile inayotumika kusema maisha yamepanda kwa asilimia ngapi, ilijengwa kwa bei za miji mitatu: Maputo, Beira na Nampula. Palma haimo. Mwenye kununua mchele Palma analipa bei isiyokuwa na mahali kwenye hesabu ya nchi, na mara nyingi mchele wenyewe umetoka upande wa Mtwara, umevuka Ruvuma. Achukue bidhaa tano: mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni, saruji. Masoko matatu: Palma, Mocímboa, Mtwara. Aandike bei mara moja kwa wiki kwa wiki 26. Hizo ni bei 390. Aongeze kiwango cha kubadilisha metical na shilingi, na aandike wiki ambazo kivuko cha mpakani cha Namoto kilifungwa. Sasa anaweza kuuliza swali la kiuchumi lililo kamili: mpaka ukifungwa, pengo la bei kati ya Mtwara na Palma hupanuka kiasi gani, na huchukua wiki ngapi kurudi?

Hapo ekonometria inapata kazi. Na hapo ule ugeni wake wa darasani unageuka mtaji, kwa sababu muuza duka wa Palma hatamwambia mtafiti wa Kireno bei anayonunulia. Mwenye Kiswahili na Kimwani atakaribishwa kiti, na baada ya salamu ndefu ataambiwa. Ataambiwa pia mambo ambayo hayamo kitabuni: kwamba mchele hauuzwi kwa kilo bali kwa lata, yaani kopo, na kwamba kuna lata ya kufuta, iliyosawazishwa mdomoni, na lata ya kilima, iliyorundikwa juu. Asipoandika ni ipi, bei zake 390 ni kelele. Apime mwenyewe kwa mizani, lata kumi za kila aina, achukue wastani. Nusu ukurasa wa kipimo hicho utamlinda mbele ya jopo kuliko nukuu ishirini.

Asisahau kredensial, yaani barua ya utambulisho. Katika wilaya yenye askari kila kona, kijana anayezunguka sokoni na daftari akiuliza bei ataulizwa na yeye. Barua ya chuo ipelekwe kwanza kwa utawala wa wilaya, igongwe muhuri, nakala ibaki mfukoni. Kazi hiyo inaweza kula siku tano, na ziwekwe kwenye ratiba ya utafiti kama siku za kazi.

Siku ya kutetea huwa na watu watatu mbele: mwenyekiti, msimamizi na oponente, yule ambaye kazi yake ni kutafuta tundu. Dakika za kueleza ni chache. Oponente haulizi kwa nini uchumi ni muhimu. Anafungua jedwali la ukurasa wa 31 na kuuliza kwa nini wiki ya 14 haina bei ya saruji. Mwenye kusema "soko lilifungwa, watu walikimbilia Quionga, niliacha tupu badala ya kukisia" amejibu vizuri kuliko aliyejaza namba.

Akifaulu hajamaliza bado, na hapa mama atakuwa na haki ya kuuliza tena. Kuna masahihisho ya jopo, nakala za maktaba, karatasi ya kuonyesha hadaiwi ada wala vitabu, kisha maombi ya diploma. Na kuna jina. Pwani hii msajili wa Kireno aliandika alivyosikia: Hassan akawa Assane, Muhammad akawa Momade, Abdu akawa Abudo. Cheti cha shule kina tahajia moja, BI nyingine, na karatasi ya kuzaliwa, kama haikuungua, ya tatu. Diploma huandikwa kama BI, na herufi moja ikigombana na cheti cha darasa la 12 faili linarudi mezani. Samaki alipoiva nikamuuliza yule mama jina la mwanawe limeandikwaje kwenye BI. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa pochi, akanionyesha nakala iliyokunjwa mara nne. Kwenye jina la babu kulikuwa na s mbili. "Kwenye cheti cha shule," akasema, "nakumbuka ilikuwa moja."